Kufundisha Utoaji wa Maua kwa Mimea ya Pambo ya Jamii ya Nanasi

Miongoni mwa mada zinazowachosha wanafunzi wa shule ya msingi, na kusema kweli zinazomchosha hata mwalimu mwenyewe, ni ile ya ukuaji wa mimea. Maharage huoteshwa katika pamba yenye maji, wanafunzi hupima urefu wa miche kwa rula, michoro huchorwa, na somo likaisha. Mwanafunzi hutoka akiamini kwamba mmea hukua kwa kuwa umepewa maji, mwanga na mbolea, kama gari linavyokwenda kwa kuwa limetiwa mafuta. Ni nani aliyeshika usukani, hilo haliulizwi. Kwa nini mmea uliokuwa ukitoa majani tu kwa miezi kumi na minane huacha kutoa majani siku moja na kuanza kutengeneza ua? Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuliuliza swali hilo darasani kwa kutumia mimea ya pambo ya jamii ya nanasi, matunda mabivu, na ndoo za plastiki zenye mifuniko.

Kwanza tuufahamu mmea wenyewe. Jamii ya nanasi, ambayo wataalamu huiita bromelia, ina spishi zaidi ya 3,000. Zote asili yake ni bara la Amerika isipokuwa moja tu, Pitcairnia feliciana, iotayo kwenye miamba ya nchi ya Guinea, Afrika Magharibi. Nanasi tunalolila, ambalo leo limezoeleka Kiwangwa, Geita na Thika kana kwamba lilizaliwa huko, ni mgeni aliyevushwa bahari na mabaharia wa Ulaya. Ndugu zake wa pambo nao wamekuja vivyo hivyo, na sasa huonekana katika vyungu kwenye vibaraza na katika bustani za miche. Aechmea fasciata kutoka Brazili ina majani mapana, magumu, yenye mistari ya rangi ya fedha, ambayo hukutana chini na kuunda kikombe kinachohifadhi maji. Katikati ya kikombe hicho huchomoza shada la rangi ya waridi lenye maua madogo ya buluu. Maua yenyewe hunyauka upesi, lakini shada hudumu kwa miezi. Guzmania lingulata hutoa shada jekundu mfano wa nyota. Yule asiyekuwa na mimea hii asikate tamaa: machipukizi ya nanasi la kawaida, yaliyokwisha kukomaa shambani mwa shule, yatafanya kazi ile ile, ijapokuwa hayapendezi mezani.

Jambo moja kuhusu mimea hii lazima mwalimu alijue kabla ya kuingia darasani, maana mwanafunzi mwerevu ataliuliza. Kila shina hutoa ua mara moja tu. Likishatoa, haliongezi jani jingine. Huanza kuchakaa taratibu, na kando yake hutoka machipukizi ya kulirithi.

Mkulima wa maua, kwa mfano yule wa Uholanzi au Ubelgiji anayeotesha maelfu ya vyungu chini ya paa la vioo, anayo shida ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuielewa mara moja. Mimea yake ni ya umri mmoja, imelishwa sawasawa, lakini ikiachwa yenyewe mmoja utatoa ua mwaka huu, wa pili mwaka ujao, na wa tatu utaendelea kutoa majani. Sokoni mnunuzi anataka ua, wala hataki ahadi ya ua. Kwa sababu hiyo wakulima hutumia vidhibiti vya ukuaji, yaani kemikali ambazo kwa kiasi kidogo mno huuamuru mmea kubadili mwenendo wake. Kidhibiti kikuu katika jamii hii ni gesi iitwayo ethilini.

Hapa ndipo mwalimu wengi hukosea njia. Huandika ubaoni neno ethilini, akalifafanua, na wanafunzi wakalinakili. Afadhali aanze na kuvundika. Hakuna mtoto katika nchi yetu asiyejua kwamba ndizi mbichi zikifungiwa mahali pamoja na mbivu moja au mbili huiva upesi. Katika sehemu za Kagera, ndizi za kutengenezea rubisi huzikwa shimoni, na majani makavu huchomwa ili moshi uingie. Mwalimu na aulize: ni kitu gani kinachoziivisha? Jibu la kwanza huwa ni joto. Jibu hilo si la kubeza, kwani joto husaidia kweli. Basi aulize tena: kama ni joto tu, ile mbivu moja inatiwa ya nini? Darasa hunyamaza. Ukimya huo una faida kuliko maelezo ya robo saa, na mwalimu asiharakishe kuuvunja.

Baada ya hapo historia fupi itafaa, kwa kuwa watu wazima nao walikwama pale pale walipokwama watoto. Katika kisiwa cha São Miguel, kimojawapo cha visiwa vya Azores vilivyo chini ya Ureno, wakulima wamekuwa wakiotesha mananasi ndani ya nyumba za vioo tangu karne ya 19. Waligundua kwamba wakichoma majani na takataka ndani ya nyumba hizo, moshi ukajaa, mananasi yote hutoa maua kwa pamoja. Waliutumia moshi pasipo kujua ndani yake mna nini. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mwanafunzi wa mimea huko St Petersburg, alichunguza kwa nini miche yake ya njegere ilikua ikiwa imepinda ndani ya maabara iliyomulikwa kwa taa za gesi, akaonyesha kwamba mkosaji alikuwa ethilini iliyomo katika gesi hiyo. Mwaka 1932 mtafiti Rodríguez wa Puerto Rico aliandika kwamba katika moshi unaotoa mananasi maua, kinachofanya kazi ni ethilini. Kisha mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza akathibitisha kwamba tufaha bivu lenyewe hutengeneza ethilini. Basi gesi hiyo si kitu cha moshi peke yake. Mmea unayo ya kwake.

Kuna kipande kimoja cha historia hii nikipendacho kuliko vyote, na ambacho nadhani chafaa kwa walimu zaidi ya wanafunzi. Mwaka 1942, huko Hawaii, Clark na Kerns walionyesha kwamba nanasi linaweza kuanzishwa maua kwa kunyunyiziwa oksini, homoni ya namna nyingine kabisa ambayo si gesi. Ikaonekana kana kwamba kuna funguo mbili za mlango mmoja. Ilipofika mwaka 1966 Burg na mwenzake walieleza siri yake: oksini huufanya mmea utengeneze ethilini yake wenyewe, na ethilini hiyo ndiyo iletayo ua. Kwa miaka zaidi ya ishirini sababu ya kweli ilikuwa imejificha nyuma ya sababu iliyoonekana, na watu waliokuwa wakiitazama walikuwa watafiti hodari.

Sasa tuje kwenye jaribio. Chagua mimea minne iliyokomaa na inayolingana. Sharti hili la ukomavu ndilo linalovunjwa zaidi. Mmea mchanga haupokei amri. Na hata ukiipokea, utatoa shada dogo la kutia huruma. Aechmea iliyotokana na chipukizi huhitaji mwaka mmoja na nusu hivi. Nanasi la kawaida liwe na majani yapatayo 30. Acha kuitia mimea mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni wiki kadhaa kabla, kwa maana mmea ulioshiba naitrojeni hung'ang'ania kutoa majani. Mwaga maji yaliyomo katika kikombe cha majani.

Jioni, weka mimea miwili, kila mmoja katika ndoo yake kubwa, pamoja na matunda mabivu matano au sita, kisha funika kwa mfuniko. Asubuhi fungua, toa mimea nje ikae kivulini penye mwanga, na jioni uirudishe. Fanya hivyo kwa siku kumi. Zamani tulitumia mifuko mikubwa ya plastiki iliyo angavu, lakini tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, ndoo imekuwa rahisi kupatikana, tena ni bora, kwa sababu mfuko uliosahauliwa juani kwa saa moja ulikuwa ukiipika mimea kama mboga. Usiku nao una maana yake. Nanasi na wengi wa ndugu zake hufunga vitundu vya majani mchana ili kutunza maji, huvifungua usiku, na gesi huingia wakati huo.

Kuhusu matunda, si lazima kutafuta tufaha la bei ghali kama vitabu vya ng'ambo vinavyoagiza. Pasheni bivu lililoanza kukunjamana ni miongoni mwa matunda yatoayo ethilini kwa wingi mno. Papai na parachichi hufuata. Ndizi na embe hutoa kiasi cha wastani, nazo hutosha zikiwa nyingi. Machungwa hutoa kidogo sana, na jambo la kuchekesha ni kwamba hata tunda la nanasi lenyewe hutoa kidogo. Matunda yanayooza yabadilishwe, la sivyo ukungu utahamia kwenye majani.

Mimea miwili iliyobaki ni ya kulinganishia, na juu ya hiyo ningependa kusema kwa kirefu. Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliiacha mimea ya kulinganishia nje, bila kuifunika. Ile ya ndani ya ndoo ilitoa maua, ya nje haikutoa, nami nikatangaza kwa furaha kwamba gesi ya matunda imefanya kazi. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, labda ni giza la ndoo." Sikuwa na jibu. Alikuwa na haki kabisa: mimea yangu ilitofautiana kwa mambo matatu, yaani matunda, giza na joto, nami nilichagua moja kwa kuwa ndilo nililolijua tangu mwanzo. Tangu siku hiyo mimea ya kulinganishia nayo huingia ndooni kila jioni, hufunikwa, hutolewa kila asubuhi; tofauti ni kwamba ndani ya ndoo zake hamna tunda. Mwalimu mwanafunzi asiwaambie wanafunzi sababu ya kuifunika. Na awaulize.

Tena ndoo hizo zikae mbali na zile nyingine, chumba kingine ikiwezekana. Hilo nalo nililijifunza kwa tukio. Nilikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi mmoja katika mazoezi ya kufundisha, wiki ya tisa baada ya kuanza jaribio. Juu ya meza palikuwa na vyungu viwili: kimoja chenye shada zuri la waridi, cha pili majani matupu. Alieleza vizuri, kwa sauti ya kutosha, na vielelezo vyake vilikuwa safi. Ndipo msichana mmoja wa safu ya mbele aliposema, "Mwalimu, chungu chetu cha pili kilikuwa na ufa." Chungu kilichokuwa mezani hakikuwa na ufa. Kijana wa watu alitokwa na jasho. Alinitazama, akalitazama darasa, kisha akatoka nje na kurudi na chungu chenye ufa. Nacho kilikuwa na shada la waridi, kubwa kama la kwanza. Alikuwa amekificha nyuma ya stoo na kuweka mahali pake mmea mchanga kutoka bustanini.

Nilidhani somo limekufa. Lakini alifanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliviweka vyungu vyote vitatu mezani, akawaambia wanafunzi kwamba alikuwa ameona haya kwa sababu jaribio halikwenda kama kitabu kilivyosema, kisha akawauliza wanadhani imekuwaje. Walibuni mengi. Mmoja alisema mmea ulikuwa umefika wakati wake tu, na hilo halikuweza kukanushwa papo hapo. Mwingine alisema ndoo zilibadilishwa. Mwisho msichana yule yule, ambaye zamu yake ilikuwa kufagia stoo, akakumbuka kwamba mwezi uliopita mikungu ya ndizi za chakula cha mchana ilikuwa imetundikwa humo, na stoo nzima ilikuwa ikinukia. Darasa likalipuka kwa kelele. Walikuwa wamegundua, bila kuambiwa na mtu, kwamba chumba kizima kilikuwa kimegeuka kuwa ndoo moja kubwa. Wakadai jaribio lirudiwe kwa mimea mingine, na vyungu vya kulinganishia vikae ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako hapaingii ndizi. Alama nilizompa siku ile zilinisumbua. Nilimpunguzia katika maandalio, nikamwongezea katika ufundishaji, na hadi leo sijui kama mizani yangu ilikuwa sawa.

Katika azimio la kazi, mwalimu apange jaribio lianze wiki ya kwanza au ya pili ya muhula. Kwa wiki tano za mwanzo hakuna kitakachoonekana, na wanafunzi watavunjika moyo. Ua huwa tayari limeanza kutengenezwa ndani kabisa, katika ncha ya kukua, lakini limefunikwa na majani. Afadhali kila kikundi kiwe na daftari la kuandika tarehe, idadi ya majani na rangi ya kitovu cha mmea kila Ijumaa, hata kama kinachoandikwa ni "hakuna badiliko". Kati ya wiki ya sita na ya kumi, kitovu hubadilika rangi: Aechmea huonyesha ncha ya waridi chini ya kikombe, nanasi huwa na wekundu. Mimea mingine huchelewa zaidi ya hapo. Ikitokea mmea wa kulinganishia kutoa ua pasipo kuwa na ndizi karibu, mwalimu akumbuke kwamba usiku wa baridi na siku fupi huweza kuleta maua ya nanasi zenyewe. Ndiyo sababu ninasisitiza mimea miwili kila upande wala si mmoja, na shule yenye mimea mingi itumie mingi.

Sasa neno la tahadhari. Mwalimu atasikia, au atasoma, kwamba wakulima wa mananasi hutia kabidi, yale mawe ya wachomeleaji, katika kitovu cha mmea. Ni kweli. Kabidi ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, ambayo huufanya mmea uitikie kama ilivyo kwa ethilini, ingawa ni hafifu zaidi. Baadhi ya wakulima wa maua ya pambo huko Ulaya humimina katika kikombe cha majani maji yaliyoshibishwa asetilini. Wengine hutumia ethefoni, dawa ya maji yenye asidi ambayo ikiingia ndani ya mmea huvunjika na kutoa ethilini. Njia hizo ni za shambani, mikononi mwa watu wazima wenye glavu na miwani. Asetilini hushika moto kwa cheche ndogo na huweza kulipuka ikiwa imefungiwa. Tena kabidi ya viwandani huwa na uchafu wenye sumu. Kabidi isiingie darasani hata kwa kuonyeshwa tu. Mtoto aliyeiona ikitoa mapovu darasani ataitafuta kwa fundi jioni ile ile, ataitia katika chupa, na atafunga kizibo. Tunda bivu hufanya kazi hiyo hiyo, na baada ya jaribio linalotupwa ni ganda.

Swali lile nililolitaja mwanzoni litakuja karibu na mwisho wa muhula, pale majani ya nje yatakapoanza kukauka ncha. Mwanafunzi atauliza, "Kwa hiyo sisi ndio tumeuua?" Mwalimu asilikwepe wala asilifanyie mzaha. Mmea ungetoa ua kwa wakati wake na ungechakaa baada ya hapo. Tulichofanya ni kuuleta wakati huo mapema. Je, tulikuwa na haki ya kuuleta? Darasa moja nililolifundisha lilijadili jambo hilo kwa kipindi kizima na likagawanyika nusu kwa nusu, nami sikuwapatanisha.

Wakati wa mjadala huo machipukizi yatakuwa yameonekana kando ya shina. Yaachwe yakue hadi yafike karibu nusu ya urefu wa mama yao, kisha yakatwe kwa kisu safi, yaachwe kivulini siku moja au mbili jeraha likauke, na yapandwe katika vyungu vyenye udongo mwepesi usiotuamisha maji. Kila chungu kiandikwe tarehe kwa rangi. Yatakuwa tayari kwa jaribio baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, kwa darasa litakalokuwa limefika la sita wakati huo.